Jino Ambalo Mdogo Wangu Alilingoja

Wiki jana binti yangu wa miaka sita alitoka bafuni mbio akanionyesha mswaki wake. "Mama, ona, umelowa!" Ulikuwa umelowa kweli, ila mdomo ulinuka andazi. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, maana ujanja huo niliuanza mimi, kule kijijini kwetu Manga, nikiwa mkubwa kuliko yeye kidogo tu.

Wajua, siku zile mama alitoka alfajiri kwenda kuchuma majani chai, sisi tukabaki na nyanya. Nyuma ya jikoni kulikuwa na kichaka alikokata vijiti vya mswaki, kila mtoto na chake, akavichomeka kwenye ukuta wa udongo juu ya mlango. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hivyo hakutukagua meno. Alipapasa vijiti. Mwenye kijiti kilicholowa alipata chai ya maziwa na viazi vitamu moto. Mwenye kikavu alirudishwa uani. "Hapa hatuli juu ya uchafu wa jana," alisema, na hapo hakuna kujitetea.

Kazi yangu ilikuwa kumpigisha mswaki mdogo wangu, aliyekuwa ameingia darasa la kwanza. Huyo alipenda miwa, jamani! Alilala na kipande mdomoni. Asubuhi alilia ati kijiti kinamchoma, nami baridi imenishika na viazi vinanukia. Basi nikachovya vijiti vyote viwili kwenye ndoo, nikavirudisha ukutani. Nyanya akapapasa. "Vizuri, wajukuu wangu." Nikajiona mjanja kweli! Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Kisha gego lake la nyuma likaanza kuuma. Nyanya akaliwekea karafuu, jirani akaleta maji ya chumvi, na wote wakasema hilo ni jino la utoto tu, litang'oka, litaota lingine. Shavu lilipovimba hadi jicho likafumba, mama aliacha kikapu shambani, akambeba mgongoni hadi hospitali. Jino likang'olewa. Hakuna aliyeniuliza kitu, na mimi nikanyamaza.

Tangu hapo, kila asubuhi alikuja kwangu akiwa ameachama. "Limeanza kutoka?" Nilichungulia pale penye pengo nikamwambia bado kidogo. Sikumdanganya kwa kukusudia. Hata mimi nilikuwa nalingoja.

Siku moja muuguzi alikuja shuleni kutukagua meno. Alipofika kwa mdogo wangu alimgeukia mwalimu akamweleza kwamba gego hilo huota mtoto akifika kama miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, na kwa kuwa halisukumi jino lolote, watu hudhani nalo ni la utoto. Ni la ukubwani. Likitoka limetoka.

Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani mdogo wangu aliniuliza, "Kwa hivyo haliji?"

"Haliji."

Alitembea kidogo. "Hata nikipiga mswaki vizuri kila siku?"

Haki, nililia njia nzima, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Sasa jiko la nyanya halipo, na kile kichaka kiling'olewa tukapanda migomba. Nyanya alikufa akiviamini vidole vyake, sikuwahi kumwambia. Mdogo wangu nilimwambia tukiwa watu wazima, akacheka. Lakini tukikutana Desemba na kuchoma mahindi, namwona anavyotafuna upande mmoja tu, na mahindi yangu yanakosa ladha.

Kwa hivyo wiki jana sikugomba. Nilimrudisha binti yangu bafuni, nikamwambia afungue mdomo, nikapitisha kidole kwenye ufizi, nyuma kabisa. Kulikuwa na kitu kigumu kinachochomoza, kidogo kama punje ya mchele. Nikauchukua mswaki mwenyewe. Akaanza kulia kwamba unamchoma.

"Lia tu, mama," nikamwambia, nikaendelea kusugua.