Chungu cha Mkurugenzi

Mpiga picha wa mandari, yaani matembezi ya kula na kucheza ya kiwanda chetu cha magunia kila kipupwe, alikuwa na vidole virefu visivyotulia. Alikipuliza kioo cha kamera, akakipangusa kwa ncha ya shali, ndipo akawaelekeza wake za makarani kwa sauti nyororo: "Dada Shefali, tabasamu kidogo, hatuko matangani!" Kamera hakumwachia mtu, hata wakati wa biriani aliipakata kama mtoto mchanga.

Mwaka ule aliisimamisha juu ya miguu yake mitatu ili arekodi mchezo wa kuvunja chungu. Mkurugenzi alifungwa kitambaa machoni, akapewa gongo; lakini badala ya kukiendea chungu, aliielekea kamera. Nani angethubutu kumwambia mkurugenzi kwamba amepotea? "Hapo hapo, bwana mkubwa!" walishangilia makarani. "Umeshafika!" Mpiga picha aliliona gongo likiinuka. Kisha akakinyakua chungu, akakimbia nacho, akainama mbele ya kamera yake na kukitua miguuni pa mkurugenzi. Gongo likashuka, chungu kikapasuka, makofi yakarindima.

"Umeninasa vizuri?" aliuliza mkurugenzi, akijifungua kitambaa.

"Vizuri mno, bwana," alijibu, akitoa vigae kwenye nywele.

Jioni tuliitazama filamu ile. Makalio ya mpiga picha yalikijaza kioo kizima, na mahali fulani nyuma yake ukasikika mlio wa chungu. Mkurugenzi alitazama kwa makini hadi mwisho, kisha akatugeukia kwa fahari.

"Mmeona? Pigo moja tu!"