Mtihani Ndani ya Eda

Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa yaya katika shule ya chekechea huko Kizingo. Kazi yangu ni kufuta kamasi, kufunga kamba za viatu, kuwaosha waliojikojolea na kuwapokea watoto wanaposhushwa kwenye magari ya wazazi wao. Mimi huenda kwa miguu kutoka Kibokoni, na nikifika huwa nimeshalowa jasho kabla kazi haijaanza. Watoto huniita anti. Walimu nao huniita anti, hata wale ninaoweza kuwazaa, na jambo hilo lilinikera tangu siku ya kwanza na bado linanikera.

Nilitaka kuwa mwalimu. Najua kumfundisha mtoto irabu mpaka azishike, na najua mtoto gani analia kwa njaa na yupi analia kwa ujanja. Kila mwalimu mpya alipokuja na cheti chake, mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kumtuliza mtoto anayemlilia mamake. Kisha yeye akasimama mbele ya darasa, nami nikarudi kwenye beseni langu. Mkuu wa shule aliniambia waziwazi kwamba nikileta cheti cha kidato cha nne, nafasi ya kupelekwa mafunzoni ipo. Mimi niliolewa nikiwa kidato cha pili, na vitabu nikaviachia hapo.

Nikaanza upya nikiwa na miaka thelathini na minane. Mara ya kwanza nilipojiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, mama yangu aliugua na nikamuuguza. Mara ya pili binti yangu alijifungua wiki ileile, na mkono wangu ukahitajika. Watu wa mtaani wakanipa methali, maana kwetu methali hutolewa bure. Mvumilivu hula mbivu, wakaniambia. Nikawajibu kwamba mimi nimevumilia mpaka zimeniozea mtini, wakacheka, wakaniona ninao moyo.

Mume wangu mwanzoni alinicheka. Aliuliza kama nitashonewa na sare. Alikuwa akifanya kazi ghalani Mbaraki, mtu wa maneno machache na mizaha mingi, na mzaha ule uliniuma nikamnunia siku tatu. Siku ya nne aliporudi kutoka kuswali alfajiri, aliinjika chai mwenyewe, akachukua kitabu changu cha historia na kuanza kuniuliza maswali. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu kila asubuhi. Majina ya wafalme wa zamani aliyatamka kama anayetaja jamaa zake wa Kisauni, nami nilicheka mpaka jibu likanitoka kichwani. Nilimpenda sana wakati ule, pengine kuliko nilipokuwa mwari.

Historia niliiweza. Kiswahili nilikiweza bila hata kukisoma. Nilipojiandikisha mara ya tatu, tatizo langu lilibaki hesabu. Mwalimu mmoja pale shuleni, msichana Mkristo kutoka bara aliyekuja pwani kwa kazi, alijitolea kunifundisha saa ya mapumziko, watoto wakiwa wamelala kwenye mikeka. Alikuwa na subira isiyo ya kawaida. Alinieleza jambo mara nne, nikalielewa, na kesho yake likawa geni tena. Mwezi mmoja kabla ya mtihani alinipa karatasi ya majaribio, nikapata kumi na nne kwa mia. Aliniambia muda bado upo na kwamba nisikate tamaa. Nilikubali kwa kichwa, kisha kwa hofu nikaikunja karatasi ile na kuificha. Hofu ile sikumwambia yeyote, hata mume wangu.

Zilipobaki siku kumi na nane, mume wangu alianguka kazini. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshafariki. Tulimzika siku hiyohiyo baada ya alasiri, na jioni ile nilikuwa nimeshakalishwa eda.

Kwa asiyejua, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mjane hukaa nyumbani kwake, hajipambi, hatii wanja wala manukato, wala hatoki kwenda kutembea. Mama mkwe wangu aliikaa eda yake akiwa na watoto wadogo watano na aliisimamia yangu kwa upole. Alilala chumba kimoja nami. Alinipikia uji, akanichana nywele, na yeye mwenyewe alikuwa amempoteza mwanawe. Siwezi kumsema vibaya.

Siku ya tatu wifi yangu ndiye aliyeutaja mtihani. Aliuliza, kama anayeuliza chumvi iko wapi, itakuwaje sasa. Mama mkwe aliniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, eda ni eda," akasema. "Kaburi la mumeo halijakauka, nawe watoka na kalamu? Watu watanena nni?"

Nilisema sawa, mama. Nilisema upesi mno, lakini siku ile nani angelitambua hilo? Wanawake waliokuwepo walinisifu kwa utiifu wangu, mmoja akalia.

Wiki moja baadaye mwalimu wangu wa hesabu alikuja kunipa pole. Alivua viatu mlangoni, akajifunika mtandio alioazima, akaketi mkekani na kulia nami kwa dhati. Kisha akatoa mkobani ratiba ya mtihani. Kituo chetu kilikuwa shule moja upande wa Makupa. Alisema ameshazungumza na mtu wa tuktuk anayemwamini: atanichukua mlangoni, mwalimu mwenyewe atakaa nami njia nzima, na mtihani ukiisha nitarudishwa mlangoni. Nikamwambia nimo edani.

"Najua," akasema. "Lakini kuna mtu amemuuliza sheikh?"

Nilimwambia, "Mwalimu, hii ni dini yetu. Wewe huijui."

Aliomba radhi. Alikunywa chai yake yote kwa adabu, akaikunja ratiba na kuirudisha mkobani, akaondoka. Mama mkwe wangu akaniambia nimemjibu vyema.

Na sheikh nilikuwa naye. Ami yangu, ndugu wa baba, amesomesha dini maisha yake yote, na watu hutoka Kisauni na Likoni kuja kumuuliza mambo yao. Kila Ijumaa katika eda yangu alikuja kunijulia hali. Aliketi kwenye kiti cha mbao pale ukumbini, akaniombea dua, na kabla ya kuondoka aliuliza swali lilelile, je, nina haja yoyote? Nami nilijibu vilevile, la, ami, ni salama. Kabla ya mtihani kuanza alikuja Ijumaa mbili, na nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuweza kumshika mkono.

Asubuhi ya karatasi ya hesabu niliamka, nikaswali, nikanywa uji. Nikatazama saa ya ukutani. Ulipofika wakati wa karatasi kufunguliwa huko Makupa, nilijilaza na kulala. Tangu mume wangu afe nilikuwa sijapata usingizi mzuri kama ule. Nilipoamka adhuhuri nilijiambia kwamba ni uchovu wa msiba.

Kabla eda yangu haijaisha, mkuu wa shule alinitumia ujumbe. Alinipa pole kwa mara nyingine, kisha akanieleza kuwa ile nafasi ya mafunzo imebidi apewe mwingine, msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye cheti, na kwamba kwa umri wangu hadhani itapatikana tena. Kazi yangu ya uyaya ilikuwa palepale ikinisubiri. Nikaambiwa pia kwamba mwalimu wangu amerudi bara, kapata shule karibu na kwao. Sikuwahi kumtaka radhi, na nambari yake ninayo.

Siku eda ilipokwisha nilioga, nikavaa leso mpya, na jamaa wakaja kusoma dua. Baadaye tulibaki wachache: mama mkwe, wifi, ami yangu na mimi. Wifi, kwa nia ya kunisifu, alimsimulia ami jinsi nilivyouacha mtihani niliouhangaikia miaka minane kwa ajili ya heshima ya ndugu yake. Ami aliweka kikombe chini. Akauliza ni mtihani gani, maana hakuwa na habari. Alipoelezwa akanigeukia.

"Eda si kifungo, mwanangu," akasema. "Mwanamke mwenye haja ya maana atoka mchana na arudi kwake kabla ya usiku. Wanavyuoni wengi wameruhusu. Mbona hukuniuliza?"

Mimi niliangalia mkeka. Jibu nilikuwa nalo, na ndilo jibu pekee katika mtihani ule wote nililokuwa na hakika nalo. Sikuuliza kwa sababu nilijua angesema nenda. Ningepelekwa Makupa, ningefungua karatasi, na dunia yote ingejua mimi ni mtu wa kumi na nne kwa mia. Kifo cha mume wangu kilinipa mlango wa kutokea kwa heshima, nami nikaupita. Mtu aliyeinjika chai kila alfajiri ili nifaulu, nilijificha nyuma ya jeneza lake.

Mama mkwe alianza kulia. Alisema ni yeye, ni ujinga wake, yeye ndiye aliyenizuia, kaniharibia maisha na mwanawe atamdai huko aliko. Aliinuka kwa shida, na magoti yake ni mabovu, akaja kunishika mikono miwili. Aliniomba radhi mbele ya watu.

Ulikuwa wakati wa kusema. Ami ananitazama, wifi ananitazama, na ukweli wenyewe ulikuwa mfupi, usingemaliza hata pumzi moja.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, mama."

Hadi leo, akiniona narudi kutoka Kizingo na mikono imekunjamana kwa sabuni, huanza upya kuniomba radhi. Nami kila mara humsamehe.