Wapinzani Watano wa Manase

Duka la Feroz la vigae na saruji, pale Nyamugari mjini Gitega, lilikuwa na kitu ambacho maduka ya jirani hayakuwa nacho: bingwa wa ndondi mlangoni. Manase alibeba mifuko, alisukuma mlango wa chuma asubuhi na jioni, na mteja akianza kusitasita, Feroz alimwita aje kumchangamsha.

"Shampioni, kuja! Mzee huyu anatoka Makebuko. Hajasikia ile ya Anatoli."

Manase alipangusa vumbi la saruji mikononi akaanza orodha yake ya wapinzani watano wakali, aliyoikariri kuliko sala. Wa tano, Houssein mchinjaji, aliyepiga viwiko kila mwamuzi alipotazama pembeni. Wa nne na wa tatu, ndugu wawili wa mji wa Ngozi ambao hata leo hakumbuki yupi alimng'oa jino. Wa pili, askari mmoja mwenye kichwa kigumu kama kinu. Wa kwanza, Prosper fundi baiskeli, aliyemvunja taya na kwenda naye raundi zote kumi. Wote aliwasifu sana. Bingwa mwenye akili huwasifu aliowapiga, maana sifa hizo humrudia mwenyewe.

Lakini hakuna aliyesimama dukani kwa ajili ya Houssein wala Prosper. Watu walingoja mkia wa orodha, Anatoli wa Muyinga, "yule asiye na namba". Hapo Manase, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, baba wa watoto watatu, alishuka chini akatambaa juu ya vigae, akitapika mate ya uongo, akipapasa sakafu kutafuta kinga ya meno, huku akilia "mama, mama" kwa sauti ya pua. Mzee wa Makebuko alicheka hadi akashika ukuta. Feroz alicheka, ingawa alikuwa ameiona mara mia. Na Manase, pale chini, aliwaangalia wakicheka na moyo wake ukajaa raha. Tusimfiche: aliipenda ile raha kuliko alivyowahi kuupenda mkanda.

Alhamisi hiyo kulikuwa na mwanamke mlangoni ambaye hakucheka. Alikuwa amevaa kitenge cha safari, na vumbi la barabara lilikuwa bado limemganda miguuni.

"We mama, hucheki?" Feroz alimuuliza kwa utani.

"Mi siwezi cheka, patroni. Huyo mutu mnamucheka ni bwana yangu."

Feroz aliikumbuka ghafla kazi fulani stoo. Mzee wa Makebuko alikohoa, akatoka. Manase alibaki amepiga magoti mbele ya mke wa mtu, mate yakimtiririka kidevuni.

Jina lake lilikuwa Imelda. Alikuwa ametoka Muyinga alfajiri kwa basi, na hakuja kugombana. "Baba," alimwambia Manase, "nimesikia kwa radio ati Jumapili, siku ya Mungu, utapanga watu ulipigana nao. Radio hiyo inafika kwetu, kila nyumba. Watoto yangu, wenzao wakiwachokoza kwa masomo, wanawatambalia vile vile ulikuwa unatambaa sasa hivi. Nakuomba kitu moja tu: usitaje jina yake. Sikuombi umusifu. Unyamaze tu."

"Sitamcheka, mama. Nakuahidi."

"Si kucheka nasema. Nasema kunyamaza."

Aliondoka hata maji hajanywa. Manase alirudi kwenye mifuko yake, lakini siku nzima bega lilikuwa zito, na si kwa sababu ya saruji.

Kulikuwa na jambo kuhusu pambano la Muyinga ambalo mtu mmoja tu duniani alilijua, na mtu huyo alikuwa Manase.

Manase alizaliwa kambini, ng'ambo ya mpaka, huko Kigoma, akarudi Burundi ana miaka ishirini na mitano na Kiswahili cha Tanzania mdomoni. Kule kambini wazee waliwatisha watoto kwamba nyumbani watu hulishana sumu kwenye pombe. Siku ya pambano, miaka kumi na moja iliyopita, Anatoli alimpokea kwao saa sita mchana, kama mgeni anavyopokelewa. Mama yake alileta chungu cha impeke, pombe ya mtama, na mirija miwili. Kwa desturi, mwenyeji huonja kwanza ili mgeni ajue kwamba chunguni hamna sumu. Anatoli akaonja.

Manase hakuwa anakunywa pombe; alikuwa mlokole. Angeweza kusema hivyo, wangemletea chai, mambo yakaisha. Badala yake alikitazama kile chungu, akaona njia. Alivaa uso wa woga. "Kule tulikokulia," alisema kwa unyonge, "tuliambiwa mengi. Onja tena, kaka, nipate kuamini." Anatoli akanywa. "Labda sumu iko chini." Anatoli akanywa tena. Ndugu na majirani walikuwa wamekaa pale wote, na kwa watu hao hakuna aibu kubwa kuliko mgeni kuondoka nyumbani kwako akiwa na shaka na chungu chako. Mama mtu alikuwa karibu kulia. Kijana alikunywa hadi mrija ukakoroma, na Manase akagusisha tu midomo, akashukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mwenyeji huyu hakupona.

Hata hivyo, raundi ya kwanza Anatoli nusura amuue. Konde la kushoto lilimwingia Manase mbavuni, akawaona waamuzi wawili. Hakuna aliyewahi kumpiga hivyo, si Prosper, si askari. Raundi ya pili Manase aliacha kichwa akapiga tumbo, tumbo tu, mpaka impeke ikarudi ilikotoka. Anatoli aliteleza kwenye matapishi yake mbele ya uwanja wa watu wa kwao. "Mama, mama" hakulia kamwe. Hiyo Manase aliiongeza baadaye, akiwa Gitega, kwa sababu ilichekesha.

Jioni alimsimulia mkewe, Anisia, kila kitu. Anisia aliweka mwiko chini.

"Mwanamke wa watu amekuomba ukimya. Mpe ukimya."

"Nitampa zaidi ya hapo. Nitasema ukweli. Nitamweka Anatoli wa kwanza."

"Ni kwa ajili yake au ni kwa ajili yako?"

Manase alikasirika, akamwambia mambo ya ulingo hayajui. Lakini alipolala alikuwa tayari anaisikia sauti yake redioni, sauti ya mtu mkubwa anayekiri kosa, na akaipenda.

Jumapili, baada ya ibada, aliketi studio, karibu na mtaa wa Mushasha, mbele ya mtangazaji aitwaye Kadidja, dada mwenye kicheko kirefu. Walishuka vizuri kutoka wa tano hadi wa pili.

"Bon, namba ya kwanza! Prosper, si ndiyo?"

"Si Prosper. Ni Anatoli wa Muyinga."

"Ayiwe! Ule wa kutambaa?" Kadidja akaanza kucheka.

Manase alikuwa amepanga kusema kwa upole. Lakini mdomo wake ulikuwa umeijua hadithi ya Anatoli kwa njia moja tu kwa miaka kumi na moja, na ulipofunguka ulikwenda njia ile ile. Alipofika kwenye chungu, sauti ikajigeuza. Akamwiga Anatoli akinywa, akaiga mrija unavyokoroma, akajiiga mwenyewe na uso wake wa unyonge: "Onja tena, kaka, nipate kuamini!" Kadidja alilala juu ya meza kwa kicheko. Fundi mitambo, nyuma ya kioo, alifuta machozi. Manase alisema, "Nisikilizeni, nilimkosea huyu mtu, ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote," na wakacheka zaidi, wakidhani hapo ndipo penye utamu. Alitahayari. Na ndani ya ile tahayuri, Mungu amsamehe, raha ilikuwepo.

Jumatatu, Nyamugari yote ilikuwa na neno jipya. Wauza chai waliwaambia wateja, "Onja tena, kaka!" Feroz alimpa soda ya baridi na kumpiga mgongoni. Manase alijiambia kwamba watu wa Gitega hucheka chochote, na kwamba huko Muyinga ukweli ulikuwa umefanya kazi yake. Jumatano aliomba ruhusa, akanunua kilo mbili za sukari, akapanda basi kwenda kupokea shukrani. Ndiyo, shukrani. Alizifikiria njia nzima.

Imelda alimkuta mlangoni. Nyuma ya nyumba ilisikika randa ikipiga ubao. Anatoli alikuwa seremala.

"Nimekuja kumsalimia bwana," Manase alisema, akinyoosha mfuko wa sukari. "Nadhani mmesikia. Nimemweka wa kwanza."

"Tumesikia." Imelda hakupokea mfuko. "Baba, bwana yangu hakukuwa anajua."

"Hakujua nini?"

"Kama ulikuwa unamudanganya. Miaka yote hii alikuwa anatuambia hapa: 'Nilianguka, ndiyo, lakini ule kijana alikuwa na woga ya kweli, alikulia kwa kambi, hana kosa. Mi nilikunywa mpaka woga ikamutoka. Mgeni yangu alipokelewa.' Wakimucheka kwa soko, alikuwa anajishikiza hapo. Kila kitu ulishamunyang'anya, hiyo ndiyo ilibakia."

Manase alihisi mbavu zikimbana mahali pale pale pa zamani. "Nilitaka kusema kweli, mama."

"Mi nilikuomba unyamaze."

Randa ilinyamaza; Imelda akageuza shingo kusikiliza, mpaka ikaanza tena.

"Jana kaka yake alifika na watoto, kutoka mbali," Imelda alisema kwa sauti ya chini. "Hakuwatolea hata maji. Mutu mwenye alikuwa anatoa kiti yake kwa mupita njia! Alisema kila mutu ajichotee, yeye haonjei mutu tena. Kaka yake alilia. Enda sasa, asikuone. Akikuona itabidi akupokee, na hataweza."

Manase aliweka sukari kizingitini. Imelda aliinama, akauokota mfuko, akamrudishia mkononi, kisha akafunga mlango.