Nilivyopika data za upepo Bwawa la Nyumba ya Mungu, shemeji yangu akazionja

Wakuu, nawasalimu kwa vyeo vyenu vyote. Hii ni kweli tupu, mwenye shaka ashuke bwawani akaulize wazee.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliishia darasa la tatu Myamba, nikashuka mlimani na panga na shati moja. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa na mitumbwi mitatu na redio ya betri sita. Nani mwenzangu?

Jana binti yangu kanisomea kwamba siku hizi meli za uvuvi baharini zinafungwa mashine za kupima joto la maji na upepo, data zinaenda kwa wataalamu.

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Kazi hiyo nimeifanya kabla hamjazaliwa!

Miaka hiyo hiyo alikuja Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita afisa uvuvi wa serikali, kijana wa Ukerewe, mpole, soksi mpaka magotini. Kila mwenye mitumbwi akapewa kipimajoto cha kufunga kwenye kamba, na daftari. Unaandika joto la maji, upepo, saa, na mahali ulipovua.

Mahali nilipovua?!

Chimbo langu la samaki lilikuwa magharibi, kwenye miti iliyozama bwawa lilipojaa. Perege mmoja anajaza sufuria. Hata mke wangu hakupajua, leo niiandikie serikali? (Mnaotucheka Wapare kwa ubahili, endeleeni. Mnayemsema ndiye mimi.)

Basi napima magharibi, maji yametulia, naandika: "Mashariki, alasiri, shwari."

Miezi minne. Nilijua madaftari ya serikali husomwa na mchwa.

Kumbe yule kijana anasoma! Akabandika tangazo ofisi ya kijiji: mashariki alasiri ni shwari, wenye mitumbwi midogo wavue huko. Sisi wakongwe tukacheka chini chini. Alasiri mashariki haendi mwenye akili zake.

Ila Elieneza, mdogo wa mke wangu, alikuwa mgeni wa maji. Ametoka Gonja milimani juzi, nimempa mtumbwi wangu na nyavu zangu. Akaniuliza mbele ya watu wanaoanika samaki:

"Shemeji, mashariki pakoje saa hizi? Maana nasikia wewe ndiye mtu wa huko."

Nikisema ukweli, chimbo limekwisha.

"Tangazo hujaliona?"

"Nimeliona. Nakuuliza wewe."

"Serikali imeshakujibu. Nenda."

Akaenda.

Saa kumi upepo ukashuka kutoka milimani, mabati ya ofisi yakaanza kupiga kelele. Nikaruka mtumbwini. Hakuna aliyekubali kunifuata. Nilipiga kasia mpaka viganja vikachubuka, nikijiuliza nitamwambia nini mke wangu.

Nikamkuta amekumbatia mtumbwi uliopinduka, meno yanagongana.

"Shemeji," akasema, "hiyo ndiyo shwari yako?"

Kesho yake mkutano wa kijiji. Bwana Samaki akasimama, daftari langu mkononi. "Ndugu zangu, kosa ni langu. Nimesoma vibaya. Naacha kazi."

Wakuu, hapo nilishangaa. Mtu amesoma kila mstari wangu, halafu anabeba uongo wangu kama mzigo wake!

Nikasimama. Nikasema yote, mpaka miti iliyozama.

"Mchawi wewe!" akapiga kelele mama mmoja muuza samaki. Elieneza akacheka peke yake. Bwana Samaki alitoa kalamu akafuta "mashariki" ukurasa baada ya ukurasa.

Alfajiri iliyofuata nilikuta mitumbwi kumi na mmoja kwenye chimbo langu. Wananipungia mikono, washenzi.

Funzo: ukipima, andika ulichopima na pale ulipopimia. Kuna mtu anasoma, na kuna mtu ataingia majini kwa maandishi yako.

Karibuni mchangie, hata matusi nayapokea. Mliowahi kupika data makazini, jitajeni.

Na kwa wale watakaouliza hasara: nyavu, mbao za mtumbwi, mabeberu wawili wa kuwatuliza wakwe Gonja, na kipimajoto cha serikali kilichozama nikipiga kasia. Shilingi elfu moja mia moja thelathini na saba na senti hamsini.