Maji ya Kahawia Nyuma ya Tuta

Mjomba wangu alikuwa fundi wa maji kabla ya kustaafu, na lambo moja la zamani, bwawa la tuta la udongo lililo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwetu Migato, alilitunza miaka mingi. Masika ya mwaka juzi nilikuwa likizo kutoka Bariadi, ninakofundisha. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano akaniomba nimsindikize.

Njiani alinieleza lilivyojengwa enzi za mkoloni. Babu zetu walibeba udongo wa mfinyanzi, ng'ombe wakapitishwa juu yake huku na huku mpaka ukashikamana, kisha upande wa maji wakapanga mawe kwa mikono.

"Hakuna saruji humo," alisema. "Ni udongo na kwato tu."

Tulikuta maji yamebakiza kimo cha goti kufika juu ya tuta. Mfereji wa mawe wa kutolea maji yakizidi ulikuwa umezibwa na miti ya miiba iliyoota ndani yake. Mjomba aliutazama mara moja tu, akashuka nyuma ya tuta, akachuchumaa mahali maji yalipochuruzika, akayakinga kiganjani.

"Unayaona?"

"Ya kahawia."

"Hapa siku zote hutoka safi." Akayamwaga. "Tuta linaliwa kwa ndani."

Bondeni wanawake walikuwa wakipandikiza mpunga. Tulikimbia. Hata hivyo, alipowafikia, alianza na salamu ya kwetu.

"Mwadila, mayu," alimwambia mkubwa wao. "Tokeni. Lambo linapasuka."

Yule mama akacheka. "Baba, hili nimezaliwa nikalikuta."

Mjomba akapiga mwano, lile yowe la kuita watu penye hatari. Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Wakatoka, wakinung'unika.

Tulipanda kilima kilicho kando ya bonde, tukakaa huko zaidi ya saa nzima. Hakuna kilichotokea. Wengine walishaanza kufunga kanga zao warudi shambani. Ndipo tuta likadidimia katikati, polepole, bila kelele. Mngurumo ulikuja baadaye. Tulipotazama tena, mashamba hayakuwepo.

Tulihesabiana mara mbili. Wote tulikuwepo. Yule mama aliketi chini.

Jioni nilimuuliza mjomba kama sasa hatari imekwisha.

"Yapo malambo mengine mawili," alisema, "ya umri uleule. Na watu wanalima chini yake."