Alama ya Mawese Ukutani

Hapa kwetu Rumonge, mutu akitafuta chumba cha kulala anauliza jirani. Akitafuta depo ya kuwekea mali, duka, ama kiwanja cha kuanikia ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ananitafuta mimi. Mimi ni komisiyoneri. Nakaa kati ya mwenye mulango na mwenye mali, na wakishapatana, natoka. Ndiyo kazi yenyewe. Wanaandika kontra ya kupanga, wanashikana mikono, wanakunywa soda pamoja, halafu mwaka ukipita hawakumbuki ni nani aliyewakutanisha. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Hata mimi simukumbuki aliyenionyesha chumba ninacholala.

Shule niliacha kwenye primeri, kule Tanzania, ukimbizini, kabla hatujarudi. Ndugu zangu walibaki huko. Kwa hiyo ninachoandika hapa kinaweza kuwa na makosa, lakini nitajitahidi nisimuonee mutu.

Depo ikikaa muda murefu bila mutu, inashika harufu ya unyevu na popo. Muteja akiivuta puani tu, anageuka. Mimi nina namna yangu: nafika mapema, nafungua milango yote, nawasha makaa, nachemsha chai, nakaa humo mpaka nyumba inukie kama ina wenyewe. Vijana wa pikipiki wananicheka.

“Komisiyoneri, leo uko kwa bibi gani?”

“Wa mulango wa bluu, karibu na soko.”

“Huyo naye alikuacha mwezi uliopita!”

Nawaacha wacheke. Lakini kuna siku nyingine nimewasha makaa katika depo ya mutu, nimekunywa chai yote, na hakuna muteja yeyote aliyekuwa njiani. Hiyo sijawaambia.

Depo ninayotaka kuisimulia iko karibu na bandari. Mbele kuna ukumbi mukubwa, na nyuma, ukipanda ngazi, kuna chumba kimoja. Katika chumba hicho alikaa mama muzee, mujane wa mufanyabiashara wa mawese. Ziwa lilipopanda, maji yaliingia ukumbini, mapipa yakapinduka, mafuta yakaelea juu. Maji yalipotoka, mafuta yaliacha mustari ukutani, kwenye urefu wa goti, ukumbi wote. Mama alipaka chokaa. Chokaa ilipokauka, mustari ulirudi, mwekundu, kama umechorwa jana. Akapaka tena. Ukarudi tena.

Mutoto wake anafanya kazi Bujumbura. Alikuwa amemwambia hivi: ukumbi usipopata mupangaji kabla ya mvua, nakuja kukuchukua, tunafunga depo. Mama hakutaka. Alisema Bujumbura mutu anaweza kukaa nyuma ya ukuta wako hata usijue anakohoa namna gani.

Na mimi pia sikutaka aende. Nasema hili mapema ili musomaji anipime vizuri. Kila muchana nikipita pale aliita kutoka dirishani, “Mutoto wangu, kuja ule, usisimame huko kama mupolisi!” Nikikosa siku moja, kesho yake anauliza jana nilikula nini, na nani alipika, na kama kulikuwa na chumvi. Katika muji huu watu wengi wananiuliza bei. Yeye peke yake aliniuliza nimekula nini. Kwa hiyo depo ile nilitaka ipate mutu kuliko depo yoyote niliyowahi kushika ufunguo wake.

Alipatikana mama mumoja wa Gitaza, muuzaji wa ndagala kavu, anatafuta mahali karibu na bandari. Siku ya kuonyesha nilimuomba mama muzee aende kwa jirani, maana mwenye nyumba akiwepo anasema mingi na bei inaharibika.

“Niko na maharagwe motoni,” akasema.

Alikuwa amekunja mikeka ya kuanikia na kuisimamisha ukutani, mumoja kando ya mwingine, ukumbi muzima. Mustari haukuonekana.

“Usiiguse,” akaniambia.

“Sawa, mama.” Nilisema sawa. Kisha akapanda kwake na kufunga mulango.

Yule wa Gitaza aliingia, akanusa. “Kuna mutu amepika chai hapa.”

“Ni mimi.”

“Unaishi hapa?”

“Hapana, mama. Nilikuwa napasha nyumba moto.”

“Kwani inaumwa?” Akacheka, na mimi nikacheka. Alinipendeza. Alipima ukumbi kwa kutembea, akatazama paa, akatikisa bawaba za mulango. Kisha akauliza, “Na ziwa?”

“Ziwa iko kule,” nikasema, nikaonyesha kwa mukono.

Si uongo. Ziwa lilikuwa kule. Lakini yeye aliendelea kunitazama, akasema polepole, “Ndagala ikiguswa na maji, mimi nimekwisha. Watoto wangu wako ndani ya mali hii.”

Nikauvuta mukeka mumoja. Kisha wa pili. Akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya mustari, akakinusa.

“Mawese.”

“Ego, ndiyo. Maji ilifika hapo.”

Kule juu, nyuma ya mulango, mwiko uliokuwa unagonga sufuria ukanyamaza.

Nilifikiri yule wa Gitaza ataondoka. Hakuondoka. Macho yake yalipanda ngazi. “Na kule juu?”

“Kule hayakufika!” Nilisema kwa furaha, kwa haraka, kama mutu anayeokoa kitu. Hivyo ndivyo nilivyofanya. “Kule hata tone.”

“Kuna nini ndani?”

Mulango ukafunguka. “Niko mimi,” mama akasema, mwiko mukononi.

Wakasalimiana, amahoro, amahoro mama. Yule wa Gitaza aliomba ruhusa, akavua viatu, akapanda. Alitazama kitanda, jiko, na ukuta uliokuwa mweupe mpaka chini. Aliposhuka hakuwa na uso wa kucheka tena.

“Mama, mimi sikuja kukufukuza. Lakini ukumbi peke yake siwezi. Mali itakaa kule juu, hapa chini nitaweka mbao na mikeka tu. Ni yote, au nitafute mahali pengine.”

Nikaingilia. Nikasema tunaweza kujenga chanja ndefu humu ukumbini, magunia yakae juu.

“Chanja ya kubeba magunia yangu yote?” akauliza. “Upande wewe kwanza, tuone.”

Hakusema kwa ubaya. Mbao za namna hiyo, hata mimi nisingezipanda.

Mama muzee alimupigia mutoto wake simu palepale. Mutoto alikubali kabla mama hajamaliza kueleza. Nilisikia sauti yake, ilikuwa sauti ya mutu aliyefurahi kweli, na simulaumu. Mama akakata simu, akasema, “Andikeni kontra.”

Tulipobaki wawili nikamwambia, “Bado unaweza kukataa. Nitatafuta muteja mwingine.”

“Na huyo mwingine, mikeka utamuondolea pia?”

Nikachukua sahani.

“Umeona,” akasema. Akapakua. Maharagwe yalikuwa yameungua chini. Yeye alichukua ya chini, mimi akanipa ya juu.

Nimejaribu mara nyingi kumukasirikia mutu mumoja katika habari hii, na kila nikianza nakuta ana haki. Mama wa Gitaza ana watoto. Yule wa Bujumbura alitaka mama yake awe karibu. Mama alificha ukuta wake mwenyewe, ili asihamishwe. Nabaki mimi, na mimi sijui. Kama ningeacha mikeka palepale, leo labda mama muzee angekuwa dirishani. Na yule mwingine angekuwa analia juu ya ndagala zilizooza.

Mama muzee aliondoka asubuhi ndani ya gari ya Bujumbura, sufuria mapajani, ufunguo akanipa mimi nimupe mupangaji.

Mvua zilipokuja, ziwa lilipanda tena. Mama akanipigia simu. “Maji imefika?”

“Ngoja niende kuona.”

Nilikuta vibarua ukumbini, suruali zimekunjwa, maji yanawapita vifundo vya miguu. Mupangaji alikuwa amesimama juu kwenye ngazi. “Komisiyoneri! Kuja uone, mali yangu iko kavu kabisa! Murakoze, asante sana!” Nilipanda, nikachungulia. Magunia yalijaa mpaka dirishani, hata mwanga haukupita. Akanikaribisha soda. Nikasema nina haraka.

Nikampigia mama nikiwa barabarani. “Mbele imeingia. Chumba yako iko kavu.”

“Ukuta wote?”

“Wote.”

“Basi ulimwambia vizuri yule mama.”

Sijui kama alimaanisha hivyo, au alisema nipate kulala. Kisha akauliza, “Na wewe umekula nini?”

Mukononi nilikuwa na mufuko wa makaa, naenda kupasha moto depo nyingine.

“Maharagwe,” nikasema.

“Nani alipika?”

“Mimi mwenyewe.”

“Uliweka mawese?”

“Niliweka, mama.”

“Chumvi je?”

“Na chumvi.”

Akafurahi. Nikafika kwenye ile depo, nikafungua mulango, nikawasha makaa. Jioni ile hakukuwa na muteja njiani, na chungu changu kilikuwa bado hakijaona moto tangu jana.