Baba Alipoendesha Kompyuta

Mimi si mtu wa kuuziwa kitu kwa maneno. Sokoni hapa Bunia wananijua: maharage nayamwaga kwenye ungo kwanza, simu naifungua mgongo mbele ya mwenyewe, akinuna anune. Kwa hiyo yule mfanyabiashara anayeleta vyombo kutoka Kampala aliponiambia ana kompyuta ya michezo iliyoundwa tayari kiwandani, ya katikati, si ya tajiri wala si ya maskini, nilimwambia aniachie kwanza niishi nayo.

"Mama patron, hii mashini haina mwenzake," alisema.

"Iache hapo. Itajisemea yenyewe," nilimjibu.

Michezo haikuwa haja yangu. Nina kibanda cha kuchapa, kutoa kopi na kutengeneza video za harusi, na kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imezeeka kiasi kwamba bibi arusi angeweza kujifungua kabla filamu ya harusi yake haijatoka. Wenye kazi kama yangu walikuwa wameniambia kwamba mashine inayobeba michezo mizito inabeba na harusi. Niliipeleka nyumbani badala ya kibandani, kwa sababu nyumbani umeme ulikuwa umetulia zaidi. Mfanyabiashara aliacha michezo yake ndani, akaongeza na usukani wa plastiki wenye pedali zake, ili anilainishe.

Nilianza kwa kuondoa kioo cha ubavuni. Kadi ya picha ilikuwa nzuri, sina ubishi. Lakini kumbukumbu waliweka kipande kimoja mahali penye nafasi ya viwili, na kisanduku cha kugawa umeme hakikuwa na jina lolote ninalolijua. Watengenezaji wa mashine hizi wanaweka pesa kwenye vitu vinavyoonekana, kisha ubahili wao wanauficha humo. Taa zilikuwa nyingi, nyekundu, buluu, zambarau, utadhani ni baa. Matundu ya kuvutia hewa yalikuwa chini kabisa, karibu na sakafu, na vumbi la Bunia halihitaji kualikwa. Ikifanya kazi nzito, feni zinaunguruma kama kinu cha kusaga mihogo. Lakini harusi iliyokuwa ikinichukua siku nzima ilitoka kabla sombe ya mama haijaiva. Hapo nilirudisha kioo cha ubavuni mahali pake.

Baba alikuwa amekaa sebuleni humo humo muda wote, kwenye kiti chake karibu na dirisha, na hakugeuka kutazama hata mara moja.

Alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akipakia viazi na maharage ya huko juu, upande wa Kpandroma, akavipeleka Kisangani, akarudi na mchele na mafuta ya mawese. Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema huku, alikuwa taniboi wake tangu alipoacha shule. Mwaka uliopita lori lao lilishambuliwa msituni, mbele ya Komanda, likachomwa moto. Kaka alikufa hapo. Walimzika Mambasa, kwa kuwa barabara ilikuwa imefungwa na sisi hatukuweza kufika. Matanga tuliyafanya bila mwili. Baba aliletwa nyumbani amevaa shati la mtu mwingine, na tangu siku hiyo maneno yake yakawa ndiyo, hapana, na maji.

Mama alikuwa akimwuliza jambo moja tu: "Ilikuwa namna gani?" Alikuwa na haki ya kujua. Hakumwona mwanawe, hakumwosha, hakutupa udongo. Lakini kila alipouliza, baba aliinuka akatoka nje. Mwishowe mama aliacha kuuliza kwa mdomo, akawa anauliza kwa namna alivyotua sahani mezani. Nami nilikuwa katikati yao. Nilimpenda baba, na nilikuwa nimechoka naye. Niliomba aseme, hata kama ni baya, mama apate pa kuuweka msiba wake.

Sasa, ili kujua kama mashine inapata joto kupita kiasi, lazima uibebeshe. Katika michezo ile mmoja ulikuwa wa kuendesha malori kwenye barabara za Ulaya. Nikachomeka usukani, nikawasha. Mlio wa injini ukajaa sebule. Sikufika mbali, nikagonga ukuta, nikarudi nyuma, nikagonga mwingine.

"Weye unaua ile gari," sauti ikasema.

Niligeuka roho juu. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikampisha bila kusema kitu, nikiogopa nikifungua mdomo atarudi kwenye kiti chake. Alivua sandali, akaziweka kando, akakanyaga pedali kwa miguu mitupu. Mkono wake wa kulia ulitafuta gia hewani, ukaikosa, akaguna. Kisha akaondoka polepole, na lori lile likamtii.

Jamani, nilicheka. Barabara ya lami, laini, haina hata kovu, na baba alikuwa akikwepa mashimo. Anakata kushoto, anarudi kulia, anapunguza mwendo mbele ya kila daraja na kupiga honi. Akapita taa nyekundu, na mchezo ukamwandikia faini. Nikamsomea.

"Hata kule roulage iko?" aliuliza kwa mshangao wa kweli, akimaanisha polisi wa barabarani, na mama akaja mbio kutoka uani kuona ni nani anayenichekesha katika nyumba ile.

Kwa siku kadhaa ikawa hivyo. Jioni nikirudi kutoka kibandani namkuta ameshajiwashia mwenyewe, anasafirisha mizigo midogo ndani ya mji, mbao, matofali, maziwa. Mimi nakaa pembeni nikipima joto la mashine, au najifanya napima. Alianza kusema: breki ni nyepesi mno, kioo cha kulia hakionyeshi vizuri. Mama alinikamata jikoni kila jioni na kuniuliza, "Amesema nini leo?" Nilimwambia breki, kioo. Alitikisa kichwa, akaendelea kusonga bugali. Tulikuwa tunangoja neno moja, na neno hilo halikuwa breki.

Alasiri moja ya Jumapili alichukua mzigo mrefu, wa kwenda mji mwingine. Akatoka vizuri, akazipita nyumba za mwisho, kisha lori likasimama kando ya barabara. Injini ikazimika.

Mimi nilidhani kompyuta imekwama. Ndiyo hiyo, nikajisemea, nimeikamata, na nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumpa yule mfanyabiashara. Nikainama kugusa waya, nikatazama joto. Kila kitu kilikuwa sawa. Feni zilikuwa zinazunguka.

"Imekwama, papa?"

"Hapana. Tunangoja konvoi."

Asiyeijua barabara yetu nimweleze. Ukitoka Komanda kuingia msituni, magari hayaendi moja moja. Yanakusanyika, yanangoja askari wa kuyasindikiza, kisha yanaondoka pamoja kwa msafara, na huo ndio tunaouita konvoi. Unaweza kungoja asubuhi nzima, unaweza kulala hapo. Madereva wote wanajua.

Nikacheka tena, mpumbavu mimi. "Papa, ile ni Ulaya. Kule konvoi haiko."

"Miye ninangoja," alisema.

Hakuwa anacheza. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani wa plastiki, imeukaza. Nikaacha kucheka. Nikakaa. Kwenye kioo magari madogo yalipita, moja baada ya lingine, bila habari na sisi.

"Siku ile konvoi ilichelewa," alisema bila kunitazama. "Mwenye viazi alikuwa anapiga simu. Anapiga, anapiga. Anasema muzigo itaoza, anasema atatafuta chauffeur mwingine. Yaya yako aliweka jiwe chini ya gurudumu. Akaniambia, papa, tungoje. Miye ndiye nilisema tuende. Nilimwambia atoe lile jiwe."

Alikanyaga breki, ingawa lori lilikuwa limesimama.

"Akalitoa. Hakubisha."

Nilijua mama yuko mlangoni kabla sijageuka, kwa kuwa maharage aliyokuwa akiyachambua yalikuwa yameacha kutoa sauti kwenye ungo. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa amesikia ya kutosha. Niliona aibu, niliogopa, na nilimchukia yule mwenye viazi ambaye sijawahi kumwona. Na baba pia nilimchukia kwa muda mfupi, mtu aliyenilea.

"Mutoto alisema mungoje?" mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Na weye ukasema muende."

"Ndiyo, mama."

Nilitazamia yowe. Nilikuwa nimeshajiandaa kumshika. Lakini alitua ungo chini taratibu, akavuta kigoda, akaketi mbele ya ile kompyuta ambayo siku zote alikuwa akiipita kama kitu cha watoto. Alilitazama lile lori lililosimama, barabara ile safi, majani ya kijani ya pembeni. Aliyatazama kwa muda mrefu.

"Njia yenyewe ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa nyembamba. Na matope."

"Yeye alikuwa upande gani?"

Baba aliinua kidole, akaonyesha kiti kitupu cha kulia ndani ya kioo. Mama akasogeza uso karibu, akakitazama kiti hicho. Mpaka leo sijui kama alimsamehe, wala sijamuuliza. Kompyuta niliinunua, nikaongeza kipande cha pili cha kumbukumbu, iko nyumbani hadi sasa, na harusi zangu bado nazitengenezea kwenye ile ya zamani.

Tulikaa hivyo sote watatu. Kisha juu ya kioo yakatokea maandishi mekundu, yakaanza kuwaka na kuzima. Baba hasomi haraka, akaniuliza yanasema nini.

"Yanasema muda umepita," nikamwambia. "Muzigo umechelewa."

Mkono wake ukashtuka, ukaenda kwenye kitufe cha kuwashia injini. Mama akaushika.

"Wacha ichelewe," alisema.